Heshima ya Bokilo

Ubundu, tarehe 9 Februari 2025

Kwa bokilo wangu Nephtali,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi huku tunaendelea, mimi, Nyota mtoto wa marehemu dada yangu, na watoto wako wawili. Mgongo unaniuma kama kawaida, hiyo si habari. Na wewe je? Kazi ya laboratwari inaendaje? Unakula? Tangu Élise wangu atuache najua huna mtu wa kukuuliza swali hilo. Mimi mama mkwe wako siwezi kuja kukaa mezani kwako nichungulie sahani yako, kwa hiyo naliuliza kwenye karatasi, ambako heshima inaniruhusu.

Ndiyo maana napenda barua. Ulipokuja kwenye matanga ya Élise wewe ulikaa uani, mimi nikakaa jikoni nimekupa mgongo, na Nyota akawa anakimbia na maneno yetu huku na huku mpaka akachoka. Hapa tunaongea kama watu.

Cathy hajambo, ana miaka mitatu na maneno ya wakili. Ni kaka yake Chance anayenitia wasiwasi. Ana joto linaloshuka asubuhi na kupanda jioni, na hataki kula, hata lituma, ndizi za kuponda ambazo huwa anagombea. Nimemchemshia majani nikamnywesha kwa kiganja, vile nilivyomnywesha mama yake: unamlaza magotini, unakunja kiganja mdomoni mwake, unamimina kidogo kidogo. Watoto wangu wote wamekua kwa kiganja hiki. Nyota anataka kikombe na kijiko, nami nawaachia vijana mambo yao.

Usihofu sana. Nakuandikia ili ujue tu.

Mama bokilo wako,
Clothilde


Kisangani, tarehe 13 Februari 2025

Mama mkwe wangu mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni mzima, na ninakula, ingawa si vizuri. Pole na mgongo.

Barua yako nimeipokea kwa Bavon, yule wa pikipiki. Nilimuuliza habari za mtoto, akaanza kuangalia gurudumu lake. Nilipombana akasema: «Nephtali, ule mutoto haiko muzuri. Mama iko anaficha, hapendi ukuwe na souci.»

Mama, joto la namna hiyo halingoji majani. Usiniandikie tena, mkabidhi Chance kwa Bavon pamoja na Nyota, wamlete huku upesi. Njia ya msituni ni mbaya, lakini heri aumie kwa mashimo kuliko kubaki hapo. Nitawangoja ng'ambo ya mto, pale watu wanaposhuka kwenye mitumbwi.

Mwanao,
Nephtali


Kisangani, tarehe 16 Machi 2025

Mama mkwe wangu,

Natumaini ulifika nyumbani salama na kwamba Cathy hakukusumbua njiani. Kwenye mazishi ya Chance nilikuona nyuma ya wanawake, umejifunika kichwa. Nilipopita uligeuka, nami nikageuka, kama inavyotakiwa. Nilitaka sana kukushika mkono siku ile, mama.

Kuna jambo ambalo pale makaburini sikuweza kutuma mtu akwambie. Daktari alipofungua tumbo la Chance alikuta utumbo umetoboka. Ni homa ya matumbo, ile tunayoita tifoidi. Sikuhitaji kuambiwa, maana kichupa cha choo cha mwanangu kilipita mikononi mwangu mwenyewe. Unaikumbuka PCR ya wakati wa korona, walipokuwa wanaingiza kijiti puani? Ni mashine ya namna hiyo, ila sisi tunaipa choo kikubwa. Ndani ya choo cha mtu mna wadudu wa kila aina, wazuri na wabaya. Mashine inatafuta alama ya yule mmoja unayemtaka, na ikiipata inaizidisha na kuizidisha mpaka mstari unapanda kwenye skrini. Mstari wa Chance ulipanda mapema sana. Nilikaa nauangalia kama vile ungeweza kubadili mawazo ukashuka.

Mdudu huyu hatoki hewani, anatoka kwa mtu. Wapo watu walioumwa zamani wakapona, naye akabaki ndani yao bila kuwasumbua. Hawajui. Wanapika, wanalisha, na anapita kwenye mikono yao.

Dada zangu wanataka nimchukue Cathy sasa hivi. Nimewajibu kwamba kwanza tupime nyumba. Nyumba ikiwa safi, au tukimjua mgonjwa akatibiwa, Cathy atabaki kwako. Najua huna mwingine.

Kwa hiyo Bavon anakuletea vichupa vitatu, chako, cha Nyota na cha Cathy. Kila mmoja aweke choo chake kidogo ndani ya ile dawa ya kuhifadhi, na jina liandikwe juu. Nisamehe, mama. Najua mkwe haombi kitu kama hiki. Mwenzangu aliyekuwa anaendesha mashine yuko masomoni Kinshasa, nimebaki peke yangu.

Mwanao,
Nephtali


Ubundu, tarehe 23 Machi 2025

Bokilo wangu,

Nakusalimu. Hatulali vizuri lakini tunaamka. Cathy anauliza Chance atarudi na Bavon lini, na Bavon sasa anazima pikipiki mbali akija kwetu, ili mtoto asisikie akatoka mbio.

Nimeisoma barua yako nikaikunja nikaiweka chini ya godoro, halafu nikaitoa tena. Umeniomba kitu ambacho hakuna mkwe aliyewahi kumwomba mama mkwe wake tangu watu waanze kuoana. Mimi, nikikuona njiani naingia majanini ili usinione hata natafuna muwa, leo nikupelekee hicho? Nyota alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi, nikamwacha acheke.

Bon. Ni kwa ajili ya Cathy. Vichupa vitatu hivi hapa, majina nimeyaandika kwa mkono wangu.

Nakuomba usimchukue. Ana kisogo cha Élise. Nikimfunga mgongoni naenda sokoni, kuna wakati nasahau ni mwaka gani.

Mama bokilo wako,
Clothilde


Kisangani, tarehe 6 Aprili 2025

Mama mkwe wangu mpendwa,

Nakusalimu na kukuombea nguvu. Mimi sijambo.

Majibu yametoka. Cathy hana kitu. Wewe huna kitu. Kichupa chenye jina la Nyota ndicho kilicho na mdudu.

Nilipokaribia kufungua kichupa chako niliomba radhi kwa sauti, peke yangu katika chumba kile, kama mwendawazimu. Na mstari wako ulipobaki chini nilimshukuru Mungu kwamba si wewe. Sijui ningekwambiaje.

Sasa fanya hivi. Nyota asiguse chakula wala maji ya kunywa ya mtu yeyote. Wewe mwenyewe upike, wewe mwenyewe umlishe Cathy. Katika nyumba hiyo mikono yako ndiyo salama. Dawa za Nyota ziko kwenye mfuko wa bluu, azimalize zote hata akijisikia mzima. Msimseme vibaya, hakujua. Mwambie mimi simlaumu, ingawa kwa kweli ninajilazimisha.

Cathy abaki kwako, kama tulivyopatana.

Mwanao,
Nephtali


Kisangani, tarehe 4 Mei 2025

Mama mkwe wangu,

Salamu nyingi. Barua yangu ya majibu ilikufika? Bavon anaapa alikupa mkononi, na kwamba uliisoma umesimama. Si kawaida yako kunyamaza. Nyota anakunywa dawa? Cathy anakula? Andika hata mstari mmoja.

Mwanao,
Nephtali


Ubundu, tarehe 29 Mei 2025

Nephtali,

Salamu zingoje. Aliyekuletea karatasi hii ni Nyota, na mgongoni ana Cathy. Mtoto ana joto, linashuka asubuhi na kupanda jioni. Usisubiri mashine. Mpe sasa hivi ile dawa ambayo kwa Chance ilichelewa. Ukishampa, rudi usome.

Kichupa chenye jina la Nyota kilikuwa changu. Chenye jina langu kilikuwa cha Nyota.

Sikuficha ugonjwa, maana sikujua kama ninao. Ilikuwa aibu. Nilishika kalamu nikakuona wewe, uliyemwoa mtoto wangu, unasoma jina langu juu ya kitu kile, na mkono ukakataa. Nikabadilisha majina. Nilidhani mashine inaangalia nyumba. Nikasema, kama nyumba ni mbaya itasema ni mbaya, kama ni nzuri itasema ni nzuri, basi jina lina kazi gani?

Nyota aliniona nikiandika. Barua yako ya Aprili ilipofika nilimsomea mpaka mwisho. Aliniangalia, akasema: «Mama mukubwa, miye niko kijana, haina neno. Batu batasahau.» Akanywa dawa ambazo si zake. Habari ikavuja, majirani wakaacha kupokea kitu mkononi mwake, isipokuwa Ramla, yule mama aliyekuja kutoka Kindu. Kisimani wanawake walikuwa wanavuta ndoo zao akipita. Na mimi nilikuwa nasikia, nanyamaza.

Ningesema, ungemchukua Cathy. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine nzuri zaidi. Tena nikajiambia mashine imekosea, mara ya mwisho kuumwa homa nilikuwa na mimba ya Élise. Halafu wewe ukaandika kwamba mikono yangu ndiyo salama. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Nikapika mimi, nikamlisha mimi, akikataa uji nikamnywesha kwa kiganja.

Nyota ni safi, amebaki kuwa mama wa Cathy. Mimi sina cha kukuomba, ila nijibu neno moja. Chance, ni mimi?

Clothilde


Kisangani, tarehe 6 Julai 2025

Mama mkwe,

Cathy amepona. Nimeliandika hilo kwanza ili usisome mengine ukitetemeka. Alikaa hospitali wiki nyingi, akakonda, akanyolewa nywele, sasa anamtuma Nyota kama mtumishi.

Nilianza barua kadhaa nikazichana. Zilikuwa na maneno ambayo mtu hamwandikii mama wa mke wake. Nilikukasirikia, na bado nimekasirika, nikiwa kazini zaidi, nikiandika majina ya watu kwenye vichupa. Wakati mwingine nikifika nyumbani nakuta Nyota anamwimbia Cathy, nakumbuka alivyokaa miezi ile na mzigo usio wake, na hasira inarudi upya.

Lakini nami niliandika. Mimi ndiye niliyekwambia umlishe kwa mikono yako mwenyewe. Barua ile iko na jina langu.

Umeniuliza neno moja. Mashine inasema mdudu yupo au hayupo. Haisemi alitoka kwa nani akaenda kwa nani. Ningeweza kuishia hapo na nisingekuwa nimesema uongo. Ila wewe umeniambia ukweli uliokugharimu mtoto, na siwezi kukupa nusu. Nadhani ndiyo, mama. Nadhani alitoka kwako.

Dawa hizi ni za mwezi mzima. Usiache hata moja. Ukimaliza, pumzika wiki kadhaa kisha unitumie kichupa, chenye jina lako. Mstari ukibaki chini, nitakuletea Cathy mimi mwenyewe mpaka mlangoni.

Nephtali


Ubundu, tarehe 21 Septemba 2025

Bokilo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Namshukuru Mungu kwa Cathy kila nikiamka na kila nikilala. Salamu kwa Nyota, na umwambie mama yake mkubwa anapiga magoti akimtaja.

Neno lako la mwezi wa saba nimelipokea. Nilikuwa nalijua kabla hujaliandika, lakini kulijua na kulisoma ni vitu viwili. Nimelia mpaka Ramla akaacha kunikataza. Nilikuwa nalia kwa Chance, halafu nikawa nalia kwa sababu nilikumbuka vile alivyokuwa akifungua mdomo. Alikuwa hapendi majani yale. Alifungua kwa sababu ni mimi.

Jumapili moja nilisimama kanisani, baada ya matangazo, nikasema si Nyota, ni mimi. Sasa kisimani wanavuta ndoo zao nikipita mimi, nami naona ni sawa. Lituma yangu hainunuliwi tena na sipiki ya kuuza. Ramla bado anakuja, ananawa kabla, nami nanawa kabla, tunakaa.

Dawa nimezimaliza zote. Kichupa hiki hapa. Nimeandika CLOTHILDE kwa herufi kubwa, hata Bavon amesoma. Aibu niliyokuwa nayo sijui imeenda wapi. Ingeondoka mapema kidogo tu.

Nimemshonea Cathy gauni la kitenge, lakini sikulituma. Nimeliweka ili avae siku utakapomleta. Nimeacha kitambaa ndani cha kulegezea, huenda amekua.

Mama bokilo wako,
Clothilde


Kisangani, tarehe 5 Oktoba 2025

Mama mkwe wangu mpendwa,

Nakusalimu. Cathy hajambo, Nyota hajambo, nywele zimeota.

Mstari umepanda, mama.

Nilirudia kipimo. Nilibadilisha vifaa, nikasafisha meza, nikarudia tena, natafuta kosa langu mahali popote. Umechelewa kupanda kuliko mara ya kwanza, lakini umepanda. Daktari anasema kwa watu wengine mdudu hujificha kwenye nyongo, na dawa hazimfikii vizuri. Tutajaribu dawa nyingine. Huenda ikabidi upasuliwe huku, na kwa umri wako anataka kwanza kuusikiliza moyo wako. Siwezi kukuahidi.

Lakini nisikilize vizuri. Hiki si kifungo. Unaweza kumshika Cathy, kumbeba, kulala naye kitanda kimoja. Unanawa kwa sabuni ukitoka chooni, unanawa tena, na chakula na maji anatayarisha Nyota. Ni hivyo tu. Sisemi kukufariji, ndivyo tunavyowaambia watu wote.

Njoo ukae kwangu. Najua mama mkwe hakai kwa mkwe wake. Ila nimekwisha kukiona kichupa chako chenye jina lako, na sikuona aibu yoyote. Nilimwona mama wa Élise. Hasira niliyokuandikia imepungua, sehemu iliyobaki nitakaa nayo mwenyewe. Njoo, mama. Mtoto anauliza bibi yake, koko kama anavyokuita, atakuja lini.

Mwanao,
Nephtali


Ubundu, tarehe 2 Novemba 2025

Bokilo wangu, mwanangu,

Nakusalimu kwa upendo. Mimi mzima wa mwili, na sasa tunajua wewe na mimi kwamba neno hilo si jibu.

Asante kwa barua. Hukunidanganya mara ya kwanza na hujanidanganya sasa. Nimeielewa yote. Nikinawa, naweza kumshika. Sabuni ninayo, na maji yapo.

Juzi mtoto wa Ramla alikuja kwangu analia, amekula pilipili. Nilikuwa nachota maji. Kabla sijawaza kitu nilikuwa nimemlaza magotini, kiganja kiko mdomoni mwake, maji yameshaingia. Ramla ndiye aliyemvuta. Hakunitukana, alimfuta mdomo tu, akaniangalia kwa huruma, na huruma ile siwezi kuisahau. Mikono hii hainiulizi. Imelea watoto kabla hata mashine yako haijazaliwa, na haijui namna ya kumpenda mtoto bila kumpa kitu mdomoni. Kwa mtoto wa jirani ilifanya hivyo. Kwa Cathy, mwenye kisogo kile, itafanya nini?

Kwa hiyo sitakuja kukaa kwako, na usimlete. Dawa nyingine zitume, nitakunywa. Wakitaka kunipasua, nitakuja nipasuliwe. Lakini mtoto abaki kwako na kwa Nyota. Gauni nampa Bavon.

Usidhani namwacha. Wewe na mimi tumekuwa bokilo tangu umwoe Élise. Hatujawahi kula sahani moja, hatujawahi kushikana mkono, nikikuona njiani nashika njia nyingine. Na hakuna siku uliyofikiri kwamba sikupendi. Kwetu kuna watu ambao unawapenda kwa kukaa mbali nao, na hakuna anayeshangaa, wala anayeuliza. Nitamfanyia Cathy hivyo hivyo. Noeli nitakuja Kisangani na wanakwaya. Nitasimama ng'ambo ya barabara mbele ya kanisa lenu, nimwone akitoka amevaa gauni lake. Akiniona akataka kukimbia kuja kwangu, Nyota amshike.

Atalia, na mtamwambia nini, mtoto mdogo vile. Mwambieni koko wake anamheshimu sana.

Mama bokilo wako,
Clothilde